Bwawa la Krizanti na Vibanda Visivyopigwa Hodi

Ninyi mnaokatiza na bodaboda juu ya tuta la Krizanti kwa sababu ni njia ya mkato, hebu zimeni pikipiki kwanza mnisikilize. Hilo mnalolipita si barabara. Ni ukuta wa udongo, na nyuma yake yamelala maji ya kujaza bonde lote mpaka mashamba ya mwisho. Mimi ndiye niliyelitunza tuta hilo tangu mama zenu hawajaolewa mpaka magoti yaliponikataa. Nalijua kuliko ninavyoujua mgongo wangu. Najua hata mahali litakapopasukia.

Mwandiko msiucheke. Niliishia darasa la nne. Mwalimu aliniambia herufi zangu zinafanana na kuku aliyekanyaga unga, na kuku huyo hajatulia mpaka leo. Lakini haya nimekwisha kuyasema kwa mdomo kwa wenye vyeti, na hawakuyasikia. Siku hizi naona karatasi ndiyo yenye masikio, basi na mimi naandika.

Nianze na maboga.

Mzee Krizanti alikuwa mfugaji. Alijenga bwawa lake kwenye ardhi yake, ili ng'ombe wasiswagwe mbali kiangazi, maana mnaujua upepo wa huku juu mwezi wa saba, unakausha hata mate. Halikuwa bwawa la serikali wala la misheni. Tuta lilishindiliwa kwa miguu ya watu na kwato za ng'ombe, tabaka juu ya tabaka, na aliyesimamia ni Mzee Alfonsi, fundi ambaye hakuwahi kukaa kwenye dawati ila udongo aliujua kwa kuunusa. Krizanti aliponiajiri nilitunze nilikuwa na mtoto mgongoni, Odilia wangu. Watu wakasema mzee amerogwa, kazi ya kulinda maji anampa mwanamke anayenyonyesha. Nikawaambia sawa, tutaonana.

Mwaka wa kwanza nikaona udongo wa tuta ni mzuri, mwekundu, unashika unyevu. Nikapanda maboga. Yakatambaa kutoka juu hadi chini, majani kama miavuli, na mimi nikawa namsimamisha kila apitaye ayatazame. Siku moja akaja Mzee Alfonsi. Akasimama, akavua kofia.

"Leokadia, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, baba. Kwa nini?"

"Naona umemfunika mtu."

Akashika shina la kwanza, akang'oa. Akashika la pili. Nilimlilia, nikamwambia yaache angalau yakomae, akaniambia nishike upande wa pili wa mstari niendelee kung'oa na huku nalia, kilio hakizuii mikono. Tulipomaliza, pale yalipokuwa majani palikuwa na mashimo manne ya fuko. Akaniamuru niingize mkono kwenye moja. Uliingia mpaka begani na vidole havikugusa mwisho.

"Sasa umeipa hatari mkono," akasema. "Ukiona tundu dogo nje, huko ndani kuna sebule na vyumba. Tuta ni uso wa mtu, mwanangu. Usiufunike, utamjuaje kama anaumwa?"

Kuanzia siku ile tuta langu lilikuwa na nyasi fupi tu, kama kichwa cha askari. Mti haukuzidi urefu wa kidole, kwa sababu mti ukifa mizizi yake huoza na kuacha mabomba ndani ya udongo. Na shimo la fuko halizibwi kwa kutupia udongo juu kama mtu anayezika paka. Unalichimbua mpaka lilipoishia, hata kama ni kazi ya siku mbili, halafu unarudisha udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, kidogo kidogo, unatwanga kwa mti mpaka mkono ukatae. Wale waliokuja kuwinda fuko kwenye tuta niliwatoa kwa fimbo. Nyama ya fuko ni tamu, sikatai, lakini mwindaji anachimba kuliko fuko mwenyewe.

Kuna na utoro. Huo ni ule mfereji wa pembeni, maji yakizidi bwawani yapite huko yaende zake. Yakikosa njia yataruka juu ya tuta, na tuta la udongo likirukwa na maji ni kama sukari kwenye chai. Asubuhi moja ya masika nikaona maji yamepanda na hayatoki. Nikaufuata utoro, nikakuta umezibwa kwa migono mitatu ya kunasia samaki, imeshikizwa na matawi kwa ustadi kabisa. Pembeni ameketi katekista wetu, rozari shingoni.

"Tumsifu Yesu Kristo," akaniwahi.

"Milele amina. Ondoa migono."

"Mama Odilia, ni Ijumaa ya Kwaresima. Watu watakula nini?"

"Watakula matope. Ondoa."

Aliondoa. Jumapili yake mahubiri yalihusu wanawake wenye ndimi kali, na kanisa zima likageuka kunitazama. Nilikaa wima kama mshumaa.

Lakini kikubwa kuliko vyote nilivyofundishwa na Mzee Alfonsi ni chupa. Bwawa la udongo lazima livuje, asikudanganye mtu. Chini ya tuta, upande wa nje, pana kijicho kinachotoa maji. Unakinga maji yake kwenye chupa ya kioo, unaiweka juu ya jiwe, unaendelea kufyeka. Ukirudi unatazama kitako cha chupa. Kikiwa cheupe, tuta linatoka jasho tu, liache. Ukikuta udongo umetua pale, ujue maji yanalihamisha tuta kutoka ndani, na huko ndani huwezi kuingiza fimbo wala fyekeo. Nilikinga chupa hiyo kila wiki miaka yote, na kila wiki kitako kilikuwa cheupe. Nilijivuna kwa kitako cha chupa kuliko wengine wanavyojivuna kwa watoto.

Sasa kosa langu.

Ilikuwa mwezi wa nane. Tulikuwa tumeambiwa kwamba mabwawa yote, hata ya watu binafsi, yanaandikishwa na kupewa daraja la usalama. Akaja kijana mmoja kutoka ofisi ya maji, mpole, pikipiki yake imejaa vumbi, mkononi ana kile kisahani cha kioo wanachokiita kishikwambi. Krizanti alikuwa mnadani na ng'ombe, kwa hiyo bwawa lilimpokea kupitia mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu uone kazi."

Akaona. Alitembea juu ya tuta, akalipima kimo, akashuka kwenye utoro, akainama kwenye kijicho changu. Nikamwonyesha chupa. Akacheka kwa furaha, akasema, "Mama, mabwawa yote niliyopita, hili peke yake ndilo limenyolewa." Ninyi hamjui maneno kama hayo yanamfanya nini mtu wa darasa la nne. Nilihisi nimepewa ukuu wa shule.

Halafu akageukia bondeni.

"Huko chini kuna nyumba ngapi?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Nyumba ziko juu, baba, kule kilimani kwenye kanisa. Huko ni mashamba."

"Na vile vya nyasi?"

"Vibanda vya shamba."

"Hakuna watu wanaoishi humo?"

Nikacheka. "Nani aishi kwenye kibanda cha shamba? Hakuna anayeishi huko."

Akaandika. Kisha, kwa kuwa alikuwa na adabu, akanieleza. Daraja la bwawa, alisema, halitazami tuta ni zuri au ni baya. Linatazama likivunjika litamkuta nani. Bwawa zuri lenye watu chini yake ni la hatari kubwa, linatakiwa kukaguliwa na mhandisi mara kwa mara. Bwawa ambalo chini yake hamna mtu ni la hatari ndogo, hilo mwenyewe ataliangalia. "Lenu ni hatari ndogo, mama. Hongera."

Nilipokea hongera. Nilimwelewa kila neno, na sikuelewa kitu.

Ninyi mliozaliwa mkakuta umeme labda mtaniuliza, bibi, ulidanganya? Sikudanganya. Ndiyo maana inaniuma. Ningedanganya ningekuwa na cha kuungama. Kwetu nyumba ni pale mgeni anapolazwa, pale mtoto anapopewa jina, pale jeneza linapotolewa. Kibanda cha shamba hata ukikaa miezi sita, ukapika humo, ukaumwa humo, ukajifungua humo, huishi humo. Unalinda ulezi. Hakina mlango, kina kichanja cha fito cha kusukuma. Anayekifikia hapigi hodi, anakohoa tu, anaketi. Muulize mtu yeyote wa kijiji chetu anakoishi, atakunyoshea kidole kilimani na huku anajikung'uta nyasi za kibanda mgongoni.

Na kijana yule alikuja mwezi wa nane. Mavuno yamekwisha, vibanda viko wazi, mbuzi wanaingia na kutoka. Mvua zikianza ndipo kijiji kizima kinashuka bondeni, baba, mama, watoto na kuku. Kanisani wanabaki wazee na mapadri. Na bwawa halivunjiki kiangazi, wajukuu zangu. Linavunjika masika.

Mwenye kunifumbua macho ni Mzee Alfonsi, naye tayari alikuwa wa kitandani. Ilikuwa mwezi wa kwanza, nimempelekea uji wa ulezi, na nikamsimulia kwa mara ya tatu jinsi nilivyosifiwa na jinsi karatasi ya hatari ndogo ilivyotundikwa ukutani kwa Krizanti. Alikunywa, akanirudishia kikombe.

"Odilia yuko wapi leo?"

"Shambani."

"Jana alilala wapi?"

"Shambani, na watoto."

"Na juzi?"

Nje mvua ilikuwa inapiga bati. Aligeukia ukutani.

"Na wewe umewaandikisha kwamba hakuna mtu," akasema.

Tulimzika kabla ya kuvuna.

Ningeweza kwenda ofisi ya maji kusahihisha wiki ile ile. Sumbawanga si mbinguni, basi lilikuwepo. Sikwenda. Nitawaambia ukweli kwa sababu umri wangu hauna tena cha kuficha: niliogopa kuonekana mjinga mbele ya yule kijana aliyeniona hodari. Nikasema tuta langu ni zima, chupa ni nyeupe, nitakwenda kiangazi. Kiangazi kikafika, vibanda vikawa vitupu, nikaona haraka ya nini. Hivyo hivyo, masika nikiogopa na kiangazi nikisahau, mpaka miaka ikawa mingi kuliko ninavyotaka kuihesabu.

Vibanda vikaota kuta. Wa kwanza kufyatua tofali alikuwa Odilia wangu mwenyewe. Akafuata jirani yake, akafuata mwingine. Waligundua kabichi na nyanya, na kwamba kuna malori yanayozipeleka mpaka Kasesya kule mpakani, basi hakuna tena aliyerudi kilimani mavuno yakiisha. Sasa bonde lina nyumba za bati, lina duka, lina mashine ya kusaga, lina watoto wanaocheza mpira kwenye mkondo wenyewe. Krizanti alifariki. Bwawa likawa la mwanawe Gasto, anayeuza vifaa vya ujenzi Chanji, pale pale mjini Sumbawanga, na bati za nyumba hizo nyingi zimetoka dukani kwake. Magoti yangu yalipogoma hakuajiri mwingine. "Mama Leokadia," aliniambia, "bwawa si limetulia? Na wewe tulia."

Tuta likaota vichaka. Fuko wakarudi. Nanyi mkaleta pikipiki, mkachonga mifereji miwili ya matairi juu yake, na mvua inaipenda sana mifereji hiyo.

Masika ya mwaka juzi nilijikokota na fimbo, nikakinga chupa. Kwenye kitako nilikuta udongo, mwembamba kama ukucha. Nikaimwaga, nikakinga tena, nikisema ni macho yangu. Ukatua tena. Masika iliyopita ulikuwa unene wa kidole.

Niliifunga chupa kwa kitenge nikapanda nayo gari mpaka Chanji. Gasto aliishika, akaigeuza juu ya taa ya duka.

"Mama, hii umeitikisa kwenye gari."

"Iweke mezani uitazame. Itatua mbele yako."

"Nina wateja. Karatasi ya baba inasema hatari ndogo. Ninyi ndio mliopimiwa, si mimi."

"Niliyepimiwa ndiye ninayekuambia imebadilika."

"Unajua wakilipandisha daraja itakuwaje? Mhandisi, michoro, matengenezo. Au nilibomoe. Hao wa bondeni watamwagilia nini? Watakuja kukulilia wewe, si mimi."

Hapo alisema kweli, na kweli ya mtu usiyempenda ni chungu. Nikatoka nikaenda ofisi ya maji. Yule kijana alihamishwa zamani. Nilikuta binti mwenye heshima, akanipa kiti na maji ya kunywa, akatafuta kwenye kompyuta.

"Bibi, kwenye mfumo hili ni la hatari ndogo. Hakuna makazi chini yake."

"Aliyesema hakuna makazi ni mimi."

Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Akasema kubadilisha daraja mwenye bwawa aombe. Nikasema mwenye bwawa hataki. Akasema basi wataliweka kwenye mpango wa ukaguzi, mafuta yakipatikana. Aliandika jina langu vizuri sana, akanisindikiza mpaka mlangoni. Tangu siku hiyo sijaona tairi la mkaguzi.

Nilijaribu mwenyewe. Nilipanda tuta na jembe, nikachimbua shimo moja la fuko kama nilivyofundishwa. Mpaka saa sita nilikuwa nimefikia kina cha kiwiko tu. Nikalala chali pale juu kama mende, nikasubiri mtu wa kuniinua. Aliyeniinua ni mmoja wenu, mwenye bodaboda, na ninamshukuru, ila alipoondoka alipita juu ya tuta.

Ikabaki mlango mmoja, nikauendea. Nilimkuta Odilia anapanga kabichi kwenye matenga.

"Mwanangu, hama."

"Mama, umeanza."

"Chupa ina udongo. Hama kabla mvua hazijaanza."

"Nihamie wapi? Kilimani kuna mawe na makaburi. Kabichi niipande kwenye kaburi la nani?"

"Nyumba yako iko njiani mwa maji."

Akaacha kabichi. Ana macho ya baba yake, hayapepesi.

"Mama, kwani nani aliwaambia wakubwa kwamba huku hakuna hatari? Si wewe? Mimi nilipotaka kujenga niliuliza watu. Wakaniambia jenga, bwawa limepimwa, mama yako ndiye aliyesimama na mpimaji. Jirani yangu alijenga kwa sababu nilijenga. Bonde hili lote limejengwa juu ya mdomo wako."

"Nilikosea."

"Ulikosea wakati ule ukiwa na nguvu na akili zako, au unakosea sasa?"

Wajukuu zangu, nimezoea kuwa na jibu. Nilikuwa nalo kwa katekista, nilikuwa nalo kwa wawinda fuko. Kwa mwanangu nilichukua fimbo yangu. Akaniita, "Mama, subiri uchukue kabichi," nami nikapokea kabichi, nikapanda nayo kilimani.

Mimi siamini tena kwamba mtu atakuja. Wala siwaandikii ili mnipe moyo. Nawaandikia kwa sababu baadhi yenu mtasoma, mtapewa vishikwambi, mtatumwa kwenye mabwawa ya watu kuuliza nani yuko chini. Basi msiende mwezi wa nane. Nendeni mwezi wa kwanza, mvua iwapige, viatu viharibike. Msiulize, "Nani anaishi hapa?" Ulizeni, "Jana usiku nani alilala hapa?" Na msimuulize mlinzi wa bwawa anayejivuna, shukeni wenyewe mtazame moshi.

Nimejengewa kibanda. Kiko chini kabisa ya tuta, karibu na kijicho, kabla hujazifikia nyumba zote. Mvua ya kwanza ikianguka nahamia huko. Odilia anasema ni ukaidi wa uzee. Padri anasema ni kumjaribu Mungu. Sitamwokoa mtu, nalijua hilo, kwa magoti haya hata kuku wa kufukuza simpati. Chupa itakuwa mlangoni na nitaitazama kila asubuhi, na hakuna wa kumwambia nilichokiona. Lakini nilisema hakuna mtu, na siwezi kulifuta neno hilo kwenye mfumo wao. Ninachoweza ni kulifanya liwe uongo kwa mwili wangu.

Kwa hiyo atakayetumwa, kibanda cha kwanza ni changu. Ni cha nyasi kama vyote, ila hiki nimekiwekea mlango wa mbao wenye bawaba. Humo naishi. Msikohoe tu mkapita. Pigeni hodi.